Mifuko 240, na Bomba Bado Linakula

Tanga, Alhamisi usiku

Mgosi wangu,

Habari za Mwanza na sato wenu? Huku hatujambo. Mama Zawadi kapata mjukuu wa pili, jina bado wanaligombania. Nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani na sina cha kujitetea. Mchango wa harusi ya mdogo wako haujapotea, umechelewa tu. Leo nakuandikia kwa shida, na shida yenyewe ni ya fani yako.

Lile bomba la zamani la maji ya mvua, la asbesto, linalokatiza chini ya barabara pale tulipokuwa tukila mihogo, nimepewa mimi nilizibe. Kulifukua hawataki, na kwa hilo nawaunga mkono: ukianza kuvunja asbesto, vumbi lake linaingia mapafuni mwa vibarua na halitoki. Kuliacha tupu nako haiwezekani, malori yanapita juu usiku na mchana. Siku likibonyea, barabara inazama nalo. Basi tunalijaza uji wa saruji, life limeshiba.

Hesabu nilipiga kama ulivyonifundisha. Upana wa ndani milimita 450, urefu mita 60, kwa hiyo mita za ujazo 9 na nusu. Mfuko wa kilo 50, mchanga laini kilo 50, maji lita 25, unapata kama lita 60 za uji. Mifuko 160. Nikaagiza 180, ile 20 ya kumwagika na ya kuibiwa.

Ncha zote mbili tukajenga ukuta wa tofali. Upande wa bondeni tukaacha mdomo wa kusukumia, upande wa juu kibomba cha kutolea hewa. Saa moja asubuhi mikisa mbili zinazunguka, pampu inasukuma polepole, mimi nimechuchumaa kwenye chemba ya juu nasubiri uji utokeze. Mwanzoni hewa ilipuliza vizuri, unaisikia shavuni. Baadaye ikanyamaza. Kufika saa nane mfuko wa 160 umeshapita, sijaona hata tone. Geji ya pampu imelala palepale, haipandi. Nikatuma Canter ilete mifuko 60 zaidi. Saa kumi na moja jioni nayo imeliwa.

Mifuko 240, mgosi! Hiyo ni zaidi ya mita za ujazo 14 ndani ya bomba la 9 na nusu. Vijana wanacheka wanasema uji nao ni mgeni wa Tanga, waja leo waondoka leo. Mmoja kaniambia twende Amboni na tochi, huenda tukaukuta umeshajenga ukumbi pangoni. Nilicheka nao, lakini tumbo lilikuwa limenikata.

Nikasimamisha kazi, tukaosha pampu na mipira kabla havijaganda. Hilo angalau sikukosea.

Sasa Babu wa Stoo, ambaye wiki nzima amekaa pale anatutazama na kahawa yake, ndiyo kwanza anafungua mdomo: eti enzi za mkonge palikuwa na tawi limetoka bomba lile kwenda kwenye ghala. Nikamuuliza mbona hakusema. "Hukuniuliza." Utamfanya nini mzee kama yule?

Na kama tawi lipo, nani ajuaye ni wangapi wamejiunganishia humo mabafu yao kimya kimya? Tangu magharibi nimezunguka mtaani kama mtu wa sensa, nagonga hodi: samahani mama, choo chenu kinapitisha maji? Nyumba ya nne walidhani nauza dawa. Mpaka sasa vyote vinapitisha. Lakini saruji haina haraka, itaganda usiku huu, na mimi nitajua asubuhi kwa kelele.

Kinachoniuma ni kimoja. Uliniambia, tena si mara moja: ziba ncha, jaza maji, weka alama, lala, asubuhi angalia kama yameshuka. Niliruka. Bosi alikuwa ananipigia simu kila nusu saa, "mimina tu, mimina tu," lakini bosi hakuwa pale chemba. Siku moja ya maji ingeniambia yote haya bure. Sasa nalala na mifuko 80 isiyo na maelezo, na ile fomu ya saruji ina sahihi yangu mimi.

Basi niambie. Nikingoja uji wa leo ugande, kesho kutwa nikajaza maji kupitia ule upande wa juu, nitapata picha ya nafasi iliyobaki au najidanganya? Awamu ya pili nipunguze maji na kuongeza mchanga uwe mzito, au pampu yangu hii itakabwa? Nitoboe barabara katikati nione umefika wapi? Ulipokuwa kwenye ile kazi ya reli mlifanyaje uji ulipotoroka? Ile pampu yako ya mkono bado iko kwa shemeji Korogwe, na atanipa nikimtaja wewe? Na simu yako ya zamani bado inapatikana, maana nimepiga mara tatu anajibu mtoto, ananiuliza mimi ni nani halafu anakata?

Mgosi mwenzio,
wa chemba ya juu