Mbwana, usiyagawe magodoro

Kazan, Urusi, Jumapili usiku

Ndugu yangu Mbwana,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na wote nyumbani. Mimi mzima, hofu ni kwenu tu. Baridi ya huku ndiyo ile tuliyokuwa tukisimuliwa: leo nyuzi 17 chini ya sifuri, ukitoka nje kope zinashikana. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na najua ulipiga mara tatu nikiwa kwenye mitihani. Haya niliyo nayo sikutaka kuyasema kwa simu, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza. Barua utaisoma mpaka mwisho.

Mwanaisha amenieleza habari ya Hamisi, alivyoanguka kwenye mazoezi yetu ya sarakasi akavunjika mtulinga. Amenieleza pia kuwa umeanza kugawa magodoro ya mazoezi, watoto umewaambia wakatafute mpira, na kwamba siku hizi njia ya Raskazone hupiti kabisa, unazunguka. Usingizi uliniruka. Mtulinga wa mtoto wa miaka kumi utaunga, inshallah. Ninayemhofia ni wewe.

Sasa nisikilize. Jana nilikwenda kutazama sarakasi. Huku sarakasi ina nyumba yake, Mbwana, nyumba ya mji mzima, iko chini ya kilima cha Kremlin, ngome ya kale ya mji, jirani na mto Kazanka. Ukisimama nje ukiinua macho unaona minara ya msikiti wa Kul Sharif kule juu. Wenyeji wanasema nyumba hiyo imefanana na chombo cha watu wa sayari nyingine. Mimi nilipoiona nilimkumbuka mama yako mwezi wa Ramadhani, anavyofunika futari ya jirani: sahani chini, sahani juu, mdomo kwa mdomo. Ndivyo ilivyojengwa hasa. Bakuli la chini limebeba viti, la juu limelala juu yake kifudifudi, na humo ndani hakuna nguzo hata moja. Watu zaidi ya elfu mbili wanakaa duara, na hakuna anayechungulia nyuma ya nguzo.

Ilifunguliwa mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha. Nikawaza, miaka hiyohiyo ya sitini Mwalimu alipeleka vijana wetu China wakajifunze sarakasi. Marehemu Kocha hakuchoka kutuambia hilo, unakumbuka? Sisi tukidhani anatutia moyo tu. Kumbe dunia nzima wakati ule watu walikuwa wakilitazama jambo hili kwa uzito, huku wanamwaga zege, kwetu wanasafirisha vijana. Tena wewe baba yako alikuwa akiliita uhuni.

Kiti cha pembeni yangu alikaa bibi mmoja wa Kitatari na mjukuu wake. Alinipa chak-chak, ni kama visheti vyetu ila vimegandishwa kwa asali. Kirusi changu kinatosha sasa, tukazungumza. Akaniambia kwamba jengo lilipokamilika watu waliogopa kuingia, wakisema paa lisilo na nguzo litawaangukia. Basi wakaletwa askari, wakajazwa kwenye viti, wakaamriwa wasimame, wakae, wasimame, wakae, wote kwa pamoja, mpaka mafundi wakaridhika. Ndipo watoto wakaingizwa. Hilo la askari liweke akilini, nitalirudia.

Farasi walikuja, wachekeshaji walikuja, nitakusimulia siku nyingine. Ninachotaka ukione ni ubao wa kurushia. Ni ule tuliojaribu kuutengeneza kwa ubao wa jahazi na gogo: mmoja anasimama ncha hii, wawili wanarukia ncha ile, yule anapaa. Aliyepaa alikuwa msichana, sidhani kama amefika miaka kumi na sita. Alitakiwa abinuke mara mbili hewani, kisha atue mabegani kwa mtu aliyesimama mabegani kwa mwenzake.

Akakosa. Mguu mmoja uligusa bega, wa pili ukapita hewani, akaja chini kichwa mbele. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Mimi nilisimama, Mbwana, nilimwona Hamisi.

Hakufika chini. Alisimama hewani, kiasi cha mkono mmoja kutoka sakafuni, akining'inia taratibu. Kiunoni alikuwa na mkanda mpana wa ngozi, mkanda una kamba mbili, kamba zimepanda mpaka darini. Nikazifuata kwa macho zilikoshukia, nikamwona mzee mmoja kaegemea nyuma, nguo nyeusi, glavu za ngozi zimechakaa viganjani, kamba ameizungusha mkononi. Kumbe muda wote alikuwapo. Msichana akisogea, naye anasogea. Hakutazama watu hata mara moja.

Msichana akashushwa, akapaka chaki viganjani, akaukaza mkanda tundu moja zaidi, akarudi kwenye ubao. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Mara ya pili alitua. Nililia, na yule bibi alinishika mkono bila kuuliza.

Kamba ile inapita kwenye kapi. Kapi, Mbwana! Hili hili la kutwekea tanga. Mtoto yeyote wa Tanga anajua henza, kamba ya kupandishia tanga, inavyofanya kazi, na sisi miaka yote tuliruka juu ya mchanga mtupu na magodoro mawili. Hamisi hakuanguka kwa sababu yako, wala sarakasi haikumvunja. Alikosa mtu wa kushika kamba. Tulikosa sote, na mimi niliyekuachia watoto ishirini nikapanda ndege nimo.

Sasa nina ombi. Magodoro yaliyobaki usiyagawe. Nenda kwa mafundi wa majahazi, uliza makapi mawili mazuri na kamba isiyotanuka. Mkanda mpe fundi wa ngozi, uwe mpana, vishikizo viwili, kushoto na kulia. Ule mkungu wetu una tawi nene upande wa bahari, lakini usilitumie mpaka mtu anayejua miti alikague. Halafu fanya kama walivyofanya na askari: funga gunia la mchanga zito kuliko mtoto yeyote, lipandishe, liachie, lidake, siku nzima. Baada ya hapo panda wewe. Mtoto awe wa mwisho. Mwenye kamba asiwe na kazi nyingine, asipige ngoma, asihesabu, ashike kamba tu. Nimeweka akiba kidogo, nitaituma kwa Mwanaisha mwisho wa mwezi.

Jambo jingine. Duara la sarakasi huku lina upana wa mita 13, na ndio upana unaotumika karibu duniani kote. Ulianzia London karne ya 18 kwa Philip Astley, askari wa farasi. Farasi akizunguka kwenye duara la kadiri hiyo, mpandaji anaweza kusimama mgongoni asidondoke. Sisi duara letu alichora Kocha kwa kisigino. Hebu kata kamba ya mita sita na nusu, funga kwenye kigingi pale katikati, uzungushe uone mstari unapita wapi. Nina hamu kubwa ya kujua.

Mama Kijakazi wa kwao Hamisi umekwenda kumwona? Usimtume mtu, nenda mwenyewe, ukae mkekani, umsikilize mpaka amalize. Hamisi analala vizuri usiku? Bado anauliza habari za mazoezi au amenyamaza? Mwanaisha anasema anawafundisha wenzake kutembea kwa mikono akiwa na kamba ya shingo, ni kweli? Na wewe unakula? Tawi la mkungu bado lipo, au upepo umelichukua? Kapi moja siku hizi bei gani?

Nijibu kwa maandishi, nipate kusoma mara mbili.

Ndugu yako,
Athumani