Mpwa wangu, rudi umchore punda

Mpwa wangu mpenzi,

Asalamu alaikum. Ulipokuja Idi ukanionyesha kwenye simu kazi unayoifanya huko Nairobi, nilifurahi na sikuficha furaha yangu. Mbwa mweupe aliyekaa juu ya zulia, paka wa manjano aliyejikunja kwenye kiti, kila mmoja amechorwa kama anayejua kwamba anapendwa. Sharubu za yule paka ulizichora moja moja, nikatamani kuzigusa. Mkono wako umekomaa, na watu wanakulipa kwa haki.

Lakini tulipokuwa barazani baada ya chakula ulitamka neno ambalo halijanitoka kifuani hadi leo. Ulisema, "Mjomba, kwetu hakuna mnyama wa kuchorwa. Kupenda mnyama ni mambo ya Wazungu." Kwa kuwa palikuwa na wageni, nilinyamaza. Leo nakujibu, na nakujibu mbele za watu, maana najua neno hilo si lako peke yako.

Nianze na paka, kwa sababu ndiye mwepesi. Wageni wakishuka gatini huambiwa kwamba paka wa Lamu ni wa ukoo wa paka wa mafirauni. Mimi sitabishana juu ya ukoo. Nakuomba tu utafute picha ya kaburi la Nebamun, iliyochorwa Thebes huko Misri yapata mwaka 1350 KK, ambayo sasa iko British Museum, London. Nebamun hakuwa mfalme, alikuwa karani wa kuhesabu nafaka. Amesimama ndani ya ngarawa ya mafunjo akiwinda ndege, na pembeni yake paka amewarukia ndege watatu: mmoja amemshika kwa meno, mmoja kwa kucha za mbele, mmoja kwa za nyuma. Jicho la paka yule limepakwa dhahabu halisi. Ukuta mzima wa karani, na aliyestahili dhahabu ni paka! Ukishamtazama, nenda soko la samaki alfajiri, majahazi yakishusha, uwaone wetu wamekaa wima kwenye ukingo, shingo nyembamba, masikio yamesimama, wakingoja matumbo ya changu. Utadhani Nebamun ameondoka dakika hii.

Na hilo la Wazungu, mwanangu, umelisahau la chuo cha Kurani. Nani kati yetu hakufundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie? Nani hakusikia kwamba paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani? Abu Huraira, sahaba aliyepokea hadithi nyingi kuliko wote, jina hilo la kubandikwa maana yake ni baba wa kipaka. Tulirithi mapenzi hayo kabla hatujaona mbwa aliyefungwa utepe shingoni.

Tatizo letu ni kwamba hatukuchora, na hilo nakubaliana nawe. Ukuta wa nyumba ya mawe una zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo, una maua na nyota za chokaa, una aya, lakini hauna kiumbe chenye roho. Bibi yako aliligeuza bango la kalenda likatazama ukutani kwa ajili ya farasi aliyekuwa juu yake, na mimi namheshimu kwa hilo hadi kesho. Ila usidhani mkono wa Mswahili haukuwahi kabisa kugusa umbo la mnyama. Shanga, mji wa kale kisiwani Pate, wachimbuaji walifukua simba mdogo wa shaba wa zama za mji ule, miaka mia nyingi kabla ya Mreno kuonekana pwani hii.

Tena kuna picha ambazo hazikuhitaji rangi. Mshairi wa Pate, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alitaka kutuonyesha mji uliokufa, na hakuanza kutuhesabia mawe yaliyoanguka. Alitazama nani amebaki ndani. Mende wanavuma vyumbani. Nyenje wanalia kwenye kumbi walimokaa wageni. Kwenye zidaka zilizopangwa sahani za thamani wamelala makinda ya ndege, na bundi anakoroma katikati ya nyumba. Umewahi kuona mchoro wa mji ulio wazi kuliko huo? Mji ulio hai una wanyama wake, kila mmoja mahali pake, na mji uliokufa unao pia, ila wamehamia kwenye nafasi za watu. Yule mzee alilijua hilo mwanzoni mwa karne ya 19, na kalamu yake ilikuwa ya mwanzi.

Mnyama wetu aliyechorwa mbali, bila shaka umemsikia. Mwaka 1414 sultani wa Bengali alimpelekea mfalme Yongle wa China twiga, na mwaka uliofuata akafika mwingine aliyepelekwa na watu wa Malindi wenyewe. Yule wa 1414 alichorwa akiwa na mtunzaji wake ameshika kamba, na mwandishi wa kasri, Shen Du, akaandika shairi juu ya picha. Wachina walimwona kuwa ni qilin, kiumbe wa heri anayejitokeza mfalme akiwa mwadilifu. Nimemtazama twiga yule mara nyingi. Ni mzuri, lakini alichorwa kwa sababu alikuwa mgeni. Huko ndiko macho ya watu hukimbilia siku zote: kwa kilicho kigeni, au kwa kilicho kizuri mapajani. Anayepita mlangoni kila siku na mzigo mgongoni hakuna anayemgeukia.

Sasa nimefika ninakotaka. Punda.

Punda ni mwenyeji wa bara hili. Alifugwa huku Afrika yapata miaka 7,000 iliyopita, na Wamisri hao hao wa paka mwenye jicho la dhahabu walimchonga pia. Kwenye kaburi la Ti, Saqqara, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000, punda wako kazini mavunoni, na mchongaji amemjua mnyama wake: masikio, kwato, kundi linavyosukumana. Nafaka ya karani kama Nebamun ilifika vipi ghalani, kama si kwa migongo kama hiyo?

Halafu nenda London, mwaka 1751. Mchoraji William Hogarth alichapisha picha nne za ukatili. Ya kwanza inaonyesha watoto wa mitaani wakiwatesa mbwa, paka na ndege. Ya pili ndiyo ninayokutuma ukaitazame polepole. Farasi wa gari ameanguka kwa uzito, na dereva anampiga. Nyuma kidogo, utampata punda aliyerundikiwa mzigo kupita kiasi, na mtu anamchoma kwa nyuma ili aende. Hogarth alitaka picha zile ziuzwe rahisi, zibandikwe wanapopita watu wa kawaida, kwa sababu alizichora akitumaini ukatili ule upungue. Alikuwa na mbwa wake mwenyewe, na mwaka 1745 alikuwa amejichora akiwa naye. Aliyempenda wa nyumbani ndiye aliyeweza kumwona wa njiani. Hilo ndilo ninalokuambia wewe.

Picha hazikuleta sheria kesho yake. Ilipita miaka 71 hadi bunge la Uingereza lilipopitisha, mwaka 1822, sheria ya mbunge Richard Martin iliyokataza kuwatesa mifugo, punda wakiwemo. Inasimuliwa kwamba katika kesi mojawapo ya mwanzo, muuza mboga aliyempiga punda wake alishtakiwa, na Martin akamwingiza punda mwenyewe mahakamani ili hakimu aone majeraha kwa macho yake. Kuna picha ya tukio hilo. Punda amesimama katikati ya watu waliovaa makoti, mjinga wa sheria zote, na jeraha lake ndilo shahidi. Miaka miwili baadaye, 1824, kikaundwa London chama cha kuwatetea wanyama.

Nakuuliza, punda wa Lamu ana picha gani? Mji huu umeandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia tangu 2001. Watu wanapiga picha milango, wanapiga picha kofia na majahazi. Kila jiwe la tumbawe lililo kwenye kuta hizo, mchanga, chokaa, boriti, na siku hizi saruji na mitungi ya gesi, vimepita vichochoroni juu ya shogi, tandiko la mizigo la punda, maana njia zetu hazina nafasi ya kingine. Kwenye kadi za posta punda yupo, amesimama mbele ya mlango uliochongwa, amechanwa manyoya, mgongo mtupu. Mgongo wenye mzigo hauuziki.

Unamkumbuka Subira, punda wa baba yangu, uliyempanda ukiwa na miaka mitano mpaka Shela ukilia kwa furaha? Mwanawe ninaye mimi. Mwaka jana nilimkodisha kwa fundi aliyekuwa akijenga nyumba ya ghorofa, na sikwenda kumtazama kwa siku tisa kwa sababu pesa zilikuja kila jioni. Siku ya kumi aliangukia magoti nyuma ya msikiti na matofali kumi na mawili mgongoni. Kijana aliyemswaga alikuwa mtoto tu, naye amechoka, na fimbo yake imepasuka ncha. Nilipofungua kamba nikaona kidonda nyuma ya mabega, upana wa kiganja changu, pembeni pameota ngozi nyeupe inayong'aa, katikati pabichi, na nyuzi za gunia zimenasa ndani. Nilizitoa moja moja kwa kucha. Hakupiga teke. Alikuwa anatetemeka ngozi tu, kama maji yanapopitiwa na upepo.

Nilimpeleka kwa The Donkey Sanctuary, shirika la kuwatunza punda, hao walioko hapa Lamu tangu 1987, wakamtibu bila kunidai kitu. Kidonda kimefunga. Nywele zilizoota pale ni nyeupe, na zitabaki nyeupe. Tangu siku ile nikipita njiani naangalia migongo kabla sijaangalia nyuso za watu, na nimeona nyeupe hiyo hiyo kwa wengi mno.

Mimi sijui kuchora. Nimejaribu kusema kwenye mikutano ya mtaa, watu wakaitikia kwa vichwa na kurudi kazini. Wewe unaweza kumfanya mtu asimame mbele ya sharubu za paka asiyemjua. Basi mfanyie punda hivyo. Usimpambe. Usimweke mbele ya mlango. Mchore na shogi, na kamba inapopita, na nyeupe ya mabega. Kama unaogopa bibi atasema nini, nimekwisha kuzungumza naye. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama utamchora na yule mtoto anayemswaga.

Njoo mwezi ujao jua likipungua makali. Nipigie ukifika Mokowe, nitakungoja gatini upande huu. Punda nitakuwa naye, nimempumzisha siku tatu, na mizigo yako nitaibeba mimi.

Mjomba wako, Lamu