Barua ya wazi kwa Mbunge wetu: ile boti iko wapi?

Mheshimiwa Mbunge,

Kiumri wewe ndiye wa kuniamkia, lakini cheo ni cheo. Shikamoo.

Usiku wa Jumanne mkamwana wangu alijifungua kwenye zahanati ya kisiwa chetu. Mtoto analia, sisi vigelegele. Nusu saa haijaisha, nesi akanyamaza. Damu haikati. Sindano ya kukata damu inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na friji imekufa tangu masika. Akamchoma hiyohiyo, akamkanda tumbo kwa mikono miwili mpaka jasho likawa linamdondoka. Yuko peke yake pale, simlaumu.

Mwanamke anayevuja hivyo anaweza kuondoka ndani ya saa 2. Gari la wagonjwa lipo, ulilizindua mwenyewe. Liko ng'ambo. Gari haliogelei, Mheshimiwa.

Wewe si mtu wa mwaloni, huku ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki, basi nikueleze. Ilikuwa giza, na giza ndiyo kazi ya dagaa: mitumbwi yote ya injini iko majini, zile taa ambazo wageni wenu huzipiga picha kutoka Capri Point, kule Mwanza mjini. Angesubiri wiki mbili akazaa kwenye mbalamwezi, wavuvi wangekuwa wamelala na mitumbwi imejaa ufukweni. Labda huo ndio mpango wenu wa uzazi.

Tulichanga petroli lita 20, tukangoja mtumbwi mmoja urudi. Tukamlaza juu ya nyavu mbichi. Khanga tuliyomfungia ni ile ya kampeni. Nimeifua mara tatu, sura yako bado inaonekana kwenye kona moja.

Yu hai, namshukuru Mungu. Chupa 4 za damu, na kizazi kimetolewa. Ana miaka 21.

Ulipanda juu ya magunia yangu ya dagaa ukasema, "Boti ya wagonjwa kabla mwaka haujaisha." Mwaka gani hukusema, hilo nakubali. Fedha sijui zilikwama njiani au zilizama hapahapa, watu wanasema mengi. Tunaambiwa mjamzito anatibiwa bure. Sawa, ila hiyo bure nayo iko ng'ambo.

Sikuombi wodi. Hata friji niachie, tutaisemea siku nyingine. Boti tu. Jirani yangu ana mimba ya miezi minane, nimehesabu kwa vidole, siku zake zinaangukia gizani.

Boti, Mheshimiwa.

Mimi, mama muanika dagaa,
Mwaloni