Barua kwa Wazazi na Walezi: Somo la Kemia Kidato cha Tatu

Ofisi ya Mkuu wa Shule
Desemba

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: MATARAJIO NA TARATIBU ZA SOMO LA KEMIA KWA WANAOINGIA KIDATO CHA TATU

Habari za nyumbani, na poleni kwa majukumu. Muhula wa pili umekwisha salama, na vijana wetu wa Kidato cha Pili wamemaliza Upimaji wa Kitaifa. Matokeo bado hayajatoka, ila fomu za kuchagua masomo zimesharudi, na jina la mwanao limo kwenye orodha ya walioomba Kemia. Taarifa yake ya maendeleo kwa masomo yote iko ndani ya bahasha hii. Mimi nitazungumzia somo hili moja, kwa sababu ndilo linaloleta wazazi wengi ofisini kwangu. Wengine huja Machi wakiomba mtoto aliache. Wengine huja baada ya Kidato cha Nne wakiuliza kama anaweza kulirudia.

Hao wa pili huniumiza sana. Kijana amemaliza shule, anataka uuguzi, utabibu, famasia au maabara, chuo kinafungua cheti chake na Kemia haimo. Kozi za afya za ngazi ya cheti na diploma zinataka ufaulu wa Kemia na Baiolojia hata kama masomo mengine yamekwenda vizuri. Njia inayobaki ni kufanya mtihani upya kama mtahiniwa wa kujitegemea, bila mwalimu, na mara nyingi bila maabara. Kwa hiyo mwanao akikwambia mwezi wa tatu kwamba Kemia imemshinda, tafadhali msikubaliane nyumbani. Njooni shuleni tukae watatu: mzazi, mtoto na mwalimu wa somo. Baada ya Aprili hatutapokea tena maombi ya kuacha.

Upande wa pili nao nauseme. Msimlazimishe. Kuna mtoto ameandika Kemia kwa sababu baba anataka daktari, na moyo wake uko kwenye Jiografia au biashara. Muulizeni likizo hii, kwa upole, na msikilize jibu lake hadi mwisho.

Matokeo ya Upimaji yakitoka, atakayepata alama C au zaidi ya Kemia, yaani kuanzia 45, ataingia moja kwa moja. Mwenye D, kati ya 30 na 44, hatutamfungia mlango. Ataingia kwa sharti la kuhudhuria vipindi vya ziada vya Hisabati kila Jumatano hadi Pasaka. Nasema Hisabati, si Kemia, kwa makusudi. Mada inayowaangusha wengi Kidato cha Tatu ni dhana ya mole, kipimo cha kuhesabia chembe ndogo sana kama atomi. Mtoto akiona 6.02 × 10²³, idadi ya chembe katika mole moja, ubaoni anadhani ukubwa wa namba ndio unaomshinda. Walimu wetu wakikaa naye wanakuta kilichomkwamisha ni uwiano, sehemu na desimali, mambo aliyoyaacha nyuma tangu Kidato cha Kwanza. Na mole haikwepeki, kwa sababu hesabu za asidi na besi, kuchanganua kemikali kwa umeme na kasi ya mmenyuko zote zinasimama juu yake. Vipindi vya Jumatano havilipiwi. Mwalimu yeyote wa shule hii akimtoza mwanao fedha ya tuisheni kwa somo analomfundisha darasani, nijulisheni.

Kuhusu mahudhurio sitaandika mengi. Kipindi cha vitendo kikimpita mtoto hakirudi kwa kuazima daftari la mwenzake, maana kemikali zimeshatumika na vifaa vimeoshwa. Akiumwa, nitumieni ujumbe siku hiyohiyo, naye atapangiwa kufanya jaribio na mkondo mwingine. Asiporudi kulifanya ndani ya wiki mbili, alama yake ni sifuri. Zoezi la nyumbani linalochelewa siku moja linasahihishwa lakini halipewi alama. Anayepata chini ya 45 kwenye jaribio la mwezi anarudia mara moja, akishaleta masahihisho yake, na alama ya juu kati ya mbili ndiyo inayoandikwa. Kumbukeni pia kwamba alama za maendeleo tunazopeleka Baraza la Mitihani huhesabiwa kwenye matokeo ya Kidato cha Nne. Uzembe wa Februari ijayo utaonekana kwenye cheti.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike barua ndefu.

Mtihani wa Taifa wa Kemia una karatasi mbili: nadharia ya saa tatu, na vitendo vya saa mbili na nusu. Katika vitendo karibu kila mwaka kuna titresheni. Mwanafunzi anapima asidi kwa bureti, mrija mrefu wenye vipimo na koki chini, anaidondosha kidogokidogo kwenye besi (kinyume cha asidi) yenye kiashiria, dawa inayobadili rangi, na rangi inapogeuka anafunga koki na kusoma kiasi kilichotumika. Anafanya jaribio la awali, kisha anarudia mara tatu. Vipimo hivyo vitatu vikikaribiana, mkono wake umetulia. Bureti ina mistari ya kila 0.1 ya sentimita ya ujazo, na jicho makini linaweza kukadiria hadi 0.05. Tone moja likizidi, rangi inapitiliza. Kazi hii haitaki kipaji. Inataka utulivu, mikono safi, na ukweli.

Muhula huu mwalimu wetu wa Kemia aliandaa zoezi kwa Kidato cha Tatu waliopo, akatengeneza asidi za viwango viwili tofauti, meza za kushoto kiwango kimoja na za kulia kingine, bila kuwaambia. Majibu sahihi ya pande hizo mbili yalipaswa kupishana kabisa. Madaftari yalipokusanywa, baadhi ya wanafunzi wa kulia walikuwa wameandika namba za kushoto, zilezile hadi desimali ya pili. Walichungulia kwa aliyedhaniwa kujua, wakafuta za kwao walizozipima kwa mikono yao, wakaandika za mwenzao. Waliofuta walikuwa wamepata sahihi.

Jambo hili limenikosesha raha. Mtoto amefanya kazi yake vizuri, kisha hakujiamini, akaitupa. Nimeongea nao mmoja mmoja na sikuona wahuni. Niliona watoto wenye hofu ya kukosea. Hofu hiyo sisi watu wazima tunahusika nayo, shuleni kwa fimbo ya maneno na nyumbani kwa swali la “umekuwa wa ngapi?” kabla ya kuuliza “umejifunza nini?”

Kwa hiyo kuanzia Januari taratibu zinabadilika. Kila mwanafunzi atakuwa na daftari la maabara lenye kurasa zilizopewa namba. Namba zote zitaandikwa kwa kalamu ya wino palepale mezani, si kwenye karatasi ya pembeni. Hakuna kufuta. Ukikosea, unapiga mstari mmoja juu ya namba ili isomeke bado, unaandika mpya pembeni yake na sababu kwa maneno machache: “koki ilivuja”, “nilipitiliza rangi”. Nusu ya alama za zoezi zitatolewa kwa rekodi hiyo ya kweli, hata kama jibu la mwisho limekwenda mbali. Anayekutwa na namba za kunakili atapata sifuri, yeye na aliyempa, na mzazi ataitwa. Akirudia mara ya tatu katika mwaka, suala lake litakwenda kwenye kamati ya nidhamu.

Mnajua wengi wenu kisa cha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa Kidato cha Tatu, Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, kidato kilekile cha hawa wa kwetu. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa, na kawaida walisubiri yapoe kwanza. Yeye akahofia kukosa nafasi kwenye friji, akaingiza ya kwake yakiwa ya moto, na yakaganda kabla ya ya mwenzake yaliyokuwa ya baridi. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa, na wenzake wakamcheka. Hakubadilisha alichokiona ili apendeze. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lilelile Dkt. Denis Osborne aliyetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuja kuzungumza nao, naye badala ya kucheka akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi hadi leo wanabishana juu ya jambo hilo na masharti yake, lakini linaitwa kwa jina la kijana wa Kitanzania aliyekataa kufuta namba yake. Hicho ndicho ninachokitaka kwa mwanao, kuliko A.

Maabara tunayoitumia mliijenga ninyi. Wengi mlibeba mawe na mchanga, na wengine mlichanga fedha, ile miaka ya kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata. Kwa hiyo sheria za humo ndani ni za kulinda watoto na jasho lenu pia. Viatu viwe vya kufunika mguu wote. Kandambili na yeboyebo haviingii. Hijabu na tai viingizwe ndani ya koti. Hakuna kula wala kunywa, hata maji. Pipeti, mrija wa kupimia vimiminika, hainyonywi kwa mdomo kwa sababu yoyote. Tuna mipira ya kuvutia. Asidi kali humiminwa polepole ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kwa kuwa joto linalotokea ghafla hurusha asidi usoni. Mwanao akirudi na madoa meusi vidoleni baada ya jaribio la nitrati ya fedha, msiogope, yataondoka yenyewe; lakini mumkumbushe kwamba glavu zipo. Kutoka na kemikali nje ya maabara ni kosa la kusimamishwa masomo.

Koti la maabara na miwani ya kinga shule inavyo vya kuazimisha. Anayeweza kumshonea mtoto koti lake ashone, nyeupe, la pamba, maana nailoni huyeyukia ngozini ikishika moto. Asiyeweza asikose usingizi: hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani kwa kukosa koti. Ila naomba mniandikie kwenye fomu kama ana pumu au mzio. Siku za amonia, klorini na dioksidi ya salfa tutamkalisha karibu na dirisha au kumpa kazi ya kuandika matokeo.

Na mkiwa nyumbani, tafadhali kagueni chupa zenu. Maji ya betri, dawa ya kuulia wadudu wa shambani na mafuta ya taa visiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa siku moja.

Kazi ya likizo ni moja na haina gharama. Mtoto achukue maji ya aina tatu: ya mvua, ya bomba au kisima mnachotumia, na hayohayo ya kisima yakiwa yamechemshwa na kupoa. Aweke kiasi sawa kwenye chupa tatu zinazofanana. Akate vipande vidogo vya sabuni ya mche na kuviyeyusha kwenye maji ya mvua (sabuni ya unga haifai, hutoa povu hata kwenye maji magumu, yaani yenye chumvi nyingi za kalisi zinazozuia povu la sabuni), kisha adondoshee tone kwa tone akitikisa, ahesabu matone hadi povu likae. Aandike namba alizoziona. Ugumu unaoondoka kwa kuchemsha ataujua hapo, na alama ya chumvi iliyoganda ndani ya birika ataitazama kwa macho mapya.

Sisi tunaoishi pembezoni mwa Mlima Meru tuna sababu ya ziada ya kuyajua maji yetu. Meno ya kahawia ya watoto wetu yanatokana na floridi iliyomo kwenye miamba ya volkano. Maji yenye floridi nyingi mara nyingi yana kalisi kidogo, kwa hiyo sabuni hutoa povu vizuri na mtu akadhani maji ni mazuri. Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, inazidi kukolea. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiipunguza kwa kuchuja maji kupitia mifupa iliyochomwa. Kidato cha Tatu wataelewa kwa nini njia hiyo inafanya kazi, nanyi mtakuwa na mtu wa kumuuliza nyumbani.

Msihofu kwamba somo linafundishwa kwa Kiingereza. Mwambieni mtoto awaeleze alichosoma kwa Kiswahili, au kwa Kimeru, Kichaga, Kimaasai. Akikwama katikati, hapo ndipo pa kurudia, na ninyi mtakuwa mmemsaidia bila kufungua kitabu. Ninachoomba kwenu ni saa moja kila jioni yenye mwanga na utulivu. Kwa wasichana naomba kwa mkazo: kaka yao akikaa na daftari wakati dada anachota maji, anapika na kuosha vyombo, matokeo ya mwisho wa mwaka hayataonyesha nani ana akili. Gawanyeni kazi.

Fomu iliyoambatishwa ina sehemu nne: ridhaa yenu, hali ya afya ya mtoto, namba ya simu inayopatikana mchana, na ahadi ya daftari la maabara. Mtoto asaini mwenyewe sehemu ya ahadi ya daftari la maabara, baada ya kuisoma mbele yenu. Irudishwe siku ya kufungua shule kwa mwalimu wa taaluma. Mkutano wa wazazi wa mkondo wa sayansi utafanyika Jumamosi ya pili baada ya kufungua, saa tatu asubuhi, ndani ya maabara yenyewe, na bureti zitakuwa mezani kwa mzazi anayetaka kujaribu.

Nawatakia likizo njema na sikukuu zenye amani.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mwalimu wa Taaluma, Mkuu wa Idara ya Sayansi