Barua ya Kufunga Muhula: Watoto Wamepata Sauti, Wazazi Tuwaachie

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA MUHULA NA MAOMBI YA WANAFUNZI WA MUZIKI

Salaam. Muhula umekwisha salama. Ripoti mtazipokea leo kabla watoto hawajatoka getini, na tarehe ya kufungua imeandikwa chini yake. Vitabu vya maktaba virudi. Chombo chochote cha muziki kinachokwenda likizo na mtoto kisainiwe stoo, pamoja na mkoba wake.

Baada ya hayo, niruhusuni nijivune.

Mliohudhuria jioni ya usaili wa majaribio mlijionea wenyewe. Walimu watatu walikaa nyuma ya meza, na kila mwanafunzi wa darasa la mwisho anayeomba nafasi katika shule za muziki alitakiwa apige kipande kimoja, aweke chombo chini, kisha azungumze. Kupiga hakukututia wasiwasi. Hofu yetu ilikuwa kwenye mazungumzo, maana mwanzoni mwa muhula ukimuuliza mmoja wao kwa nini amechagua kipande fulani, alitazama viatu vyake na kusema, "Kwa sababu ni kizuri, mwalimu."

Basi msichana wetu wa selo, ile fidla kubwa ya kupigwa kwa upinde, akaulizwa swali hilohilo. Alikuwa amepiga utangulizi wa mojawapo ya seti ambazo mtunzi Bach aliandikia selo pekee. Akalieleza jopo kwamba muswada wa seti hizo kwa mkono wa Bach mwenyewe haujapatikana. Zilizopo ni nakala, mojawapo ya mkewe Anna Magdalena, na alama za upinde katika nakala hizo hazikubaliani. Kwa hiyo kila mpigaji hana budi kuamua noti zipi aziunganishe kwa mvuto mmoja wa upinde. Akasema yeye ameamua nini na kwa sababu gani, kisha akachukua selo, akapiga mistari miwili kwa namna aliyoikataa ili tusikie tofauti. Mwalimu aliyekuwa na zamu ya swali linalofuata alilisahau.

Kijana wetu wa ngoma, ambaye darasani humsikii mpaka umwite mara mbili, aliulizwa kipande chake kina ugumu gani. Akajibu kwamba ni vile vipimo vinne vya kimya. Siku zote aliamini anaharakisha kwenye sehemu ngumu, lakini alipojirekodi akagundua anaharakisha pale anapotakiwa anyamaze. Akaeleza alivyojirekebisha, bila pambo hata moja. Ningekuwa mimi ndiye mpokeaji wa maombi, ningempa nafasi palepale.

Haya hayakuja kwa bahati. Mwalimu wa muziki na mwalimu wa lugha waliwapa kila mmoja daftari la mazoezi, na kila jioni mwanafunzi aliandika mistari michache: leo nini kilinishinda, nimejaribu nini, nini kimebadilika. Barua za maombi zimetoka humo. Rasimu za kwanza, karibu zote, zilianza kwa "Tangu nikiwa mdogo napenda sana muziki", na zote tulizikata. Anayeomba shule ya muziki anapenda muziki. Hilo msomaji analijua kabla hajafungua fomu. Tena nafasi yenyewe ni finyu. Insha ya Common App, fomu ya pamoja ya maombi kwa vyuo vingi vya Marekani, haizidi maneno 650, na maelezo binafsi ya UCAS, taasisi inayopokea maombi ya vyuo vya Uingereza, hayazidi herufi 4,000, hata nafasi tupu zikihesabiwa. Vikombe na vyeti vina sehemu yake kwenye fomu. Kwenye insha tunataka kumwona mtoto akifikiri.

Sasa nije kwa lililonikera.

Jioni ileile, mwanafunzi mmoja alisomewa sentensi ya pili ya insha yake mwenyewe, akaombwa aifafanue. Akageuka kumtazama mzazi wake aliyekaa nyuma ukumbini. Na mzazi akajibu! Akasimama, akaifafanua vizuri kabisa, kwa sababu ndiye aliyeiandika. Baadhi ya waliohudhuria walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa nikimtazama mtoto.

Wala si huyo peke yake. Insha mbili kutoka nyumba mbili tofauti zimeniletea aya moja ya mwanzo, neno kwa neno, mpaka mkato. Wenyewe mnajijua na nimeshawaita. Kwa wanaodhani wapokeaji wa maombi hawaoni, nitawapa mfano mmoja. Mwaka 2007 UCAS ilipochunguza maelezo ya waombaji, ilikuta 234 kati yao wakisimulia kwamba siku ya kutimiza miaka minane walitoboa pajama zao, yaani nguo za kulalia, kwa moto wakichezea vifaa vya kemia. Tangu hapo maelezo yanayoingia hulinganishwa kwa programu. Na kwa wale waliohamia kwenye akili mnemba wakiona ndiyo njia salama zaidi: kanuni za Common App zinahesabu kuwasilisha maandishi yake kama yako kuwa udanganyifu. Mtoto ndiye anayetia saini, na kosa litaandikwa kwa jina lake.

Lakini hata kama hakuna atakayegundua, mnamsaidia nini? Insha nzuri humfikisha mtoto mbele ya jopo, na jopo litamuuliza kuhusu hiyo hiyo insha. Kadiri ulivyoipamba kwa maneno yako, ndivyo ulivyomchimbia shimo. Jopo la muziki lina masikio. Likisikia mtu mmoja kwenye karatasi na mwingine kwenye kiti, litajua. Ni heri sentensi fupi yenye kosa la sarufi ambayo mtoto anaweza kuitetea.

Kwa hiyo, kuanzia muhula ujao, insha yoyote ambayo mwanafunzi hawezi kuifafanua kwa mdomo mbele yangu sitaipeleka, na barua ya mapendekezo ya shule haitaandikwa. Nimeombwa nilegeze. Silegezi.

Kazi yenu nyumbani ipo, na ni nyepesi. Muulizeni mtoto leo amefanyia kazi nini, kisha mnyamaze mpaka amalize. Mwambieni awasomee rasimu yake kwa sauti. Pale anapojikwaa yeye mwenyewe, ndipo pa kuandika upya. Kama hamjui muziki, ni afadhali zaidi, kwa kuwa atalazimika kueleza bila kujificha nyuma ya istilahi. Wakati wa kurekodi video za mchujo, zimeni simu na televisheni, na msimwambie akate na kuunganisha vipande: vyuo vingi hutaka kila kipande kirekodiwe kwa mfululizo bila kuhaririwa. Someni masharti ya kila chuo.

Mahudhurio ya Jumamosi yamekuwa mabaya. Mtoto haondolewi kwenye mazoezi ya mahojiano kwenda kwenye sherehe, kisha mzazi akaja kuniuliza kwa nini mwanawe ana kigugumizi mbele ya watu.

Ada: wenye madeni wanayajua, na mhasibu yupo ofisini wiki nzima ya kwanza ya likizo.

Mwisho, tarehe. Maombi ya shule za muziki za Uingereza kupitia UCAS hufungwa mwanzoni mwa Oktoba, miezi kabla ya kozi nyingine nyingi, na kila mwaka kuna mzazi anayeligundua hilo Novemba. Rasimu ya pili, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, iwe mezani kwangu siku ya kufungua, pamoja na daftari la mazoezi la likizo nzima. Nitalifungua na nitauliza maswali.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu