Kikonyo cha buluu

Keszthely, 14 Oktoba

Baba shikamoo, Mama shikamoo. Bibi mpelekeeni "mbukwa" yangu. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma na vidole vinanata, maana wikiendi mbili mfululizo nimekwenda kuvuna zabibu Badacsony, huku Hungaria. Ni mlima wa volkano iliyozimika, kando ya ziwa Balaton. Juu ni tambarare kama umefyekwa kwa panga, chini ni mizabibu mpaka karibu na maji.

Baba, uliniuliza kwenye simu wanapanda mbegu gani, salio likakatika nikiwa bado kwenye ya kwanza. Nimalizie hapa.

Hiyo ya kwanza inaitwa Kéknyelű, yaani yenye kikonyo cha buluu. Nilidhani ni maneno tu ya wauza mvinyo, mpaka nikashika jani. Kikonyo chake kweli kina ubuluu uliochanganyika na wekundu, kama kimepakwa wino kikafutwa haraka. Tatizo lake liko kwenye ua. Mizabibu mingi ya shambani, ua moja lina dume na jike, linajichavusha. Hii vijiuzi vyake vya kiume vipo, lakini vimepinda kwenda chini na chavua yake haizai. Peke yake haikupi kitu. Ndiyo maana wazee wa huku walipanda mstari wa Kéknyelű, mstari wa Budai Zöld, "kijani cha Buda", ili jirani amchavushe jirani. Na mvua ikinyesha Juni zikiwa zimechanua, vishada hutoka na mapengo kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno.

Wakulima walichoka, wakang'oa, ikabaki kidogo ipotee kabisa. Kituo cha utafiti cha hapo Badacsony ndicho kilichoinusuru. Wakazichanganya pia hizo mbili wakapata mbegu mpya, Rózsakő, na siku hizi huyo mtoto naye anapandwa ili amchavushe mama yake. (Bibi msimsomee hapo.)

Siku ya kwanza nilichuma mistari miwili nikatia vyote kwenye kreti moja. Mzee mwenye shamba hakusema neno. Alimwaga kreti juu ya turubai, akachukua kiti, akakaa kunitazama nikitenganisha kishada kimoja kimoja. Tangu hapo naangalia kikonyo kwanza.

Zamani watu walidai Kéknyelű ni Picolit, mbegu ya zabibu ya Italia, iliyobadilishiwa jina. Vipimo vya vinasaba vikakanusha: hazifanani. Zabibu nyekundu mashuhuri ya Wahungaria, Kadarka, ndiyo mgeni. Inasemekana ililetwa na Waserbia waliokuwa wakiwakimbia Waturuki, jina likitokana na Skadar, mji ambao Waalbania wanauita Shkodër. Wabulgaria wanayo hiyohiyo, wao wanaiita Gamza. Ngozi yake nyembamba, msimu wa mvua inaoza upesi. Hii, Baba, usingeivumilia hata msimu mmoja.

Kuna na Juhfark, "mkia wa kondoo", ya mlima Somló. Kishada chake ni kirefu, chembamba, kimejikunja nchani. Nikawaambia wenzangu kwetu kondoo ana mkia mnene wa mafuta, hiyo zabibu ingekuwa kishada cha kilo tatu. Wanasema mvinyo wake ukinywewa usiku wa harusi mtoto huwa wa kiume, na hata wafalme wa ukoo wa Habsburg, waliotawala huku zamani, waliuamini. Mwambieni shangazi mwenye mabinti watano asianze kuniagiza.

Kinachowashangaza zaidi watu wa huku ni nikisema Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Kwao baridi hulaza mzabibu miezi kadhaa, mavuno ni moja tu. Wananiuliza mti unapumzika lini. Nikajibu unapumzika Baba akishaupogoa, wakacheka. Bei ya mchuzi wa zabibu imepanda kidogo, au bado mnamsubiri yuleyule mnunuzi?

Nilitaka kutia jani kwenye bahasha mjionee. Nikajizuia. Filoksera, kijidudu kinachoshambulia mizizi ya mzabibu, ilifika Ulaya kwa mizabibu iliyoletwa toka Marekani, na mwaka 1875 ikaonekana Hungaria, ikateketeza mashamba kila mahali. Sitaki mdudu yeyote aingie shambani kwetu kwa mkono wangu. Nimewachorea nyuma ya karatasi hii. Vile viuzi vilivyopinda kama ndoana ndivyo vya kiume. Kikonyo nimekipaka kwa kalamu ya bluu, imezidi kidogo.

Mwanenu.