Barua kwa mwanangu aliyeko Makangale

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi huku Unguja hatujambo, Alhamdulillahi. Bibi yako anakusalimu sana.

Tangu uliponambia kuwa hoteli imefungwa kwa ajili ya masika na umebaki peke yako kulinda mpaka wageni warudi, moyo wangu haujatulia. Nakuamini. Lakini nakumbuka pia ulivyosimama ukaacha madawa ya kulevya: kila jioni pale soba, nyumba ya kuachia madawa, mkikaa kikao, unayasema yaliyokusibu mbele ya wenzio, nao wanasema yao. Huko mbele bahari, nyuma msitu wa Ngezi, mvua haikatiki. Utamwambia nani?

Kwenye kikao cha wazazi pale soba tulihadithiwa habari za Mmarekani mmoja, Bill Wilson. Mwaka 1935 alikuwa Akron, Ohio, mbali na kwake. Biashara iliyompeleka imeharibika, yuko peke yake hotelini, pombe ameiacha miezi michache tu, na kelele za baa anazisikia. Akaiendea simu, akaanza kupigia viongozi wa dini wa mji ule asiowajua, mpaka akaelekezwa kwa daktari aliyekuwa mlevi kama yeye, Bob Smith. Wakakaa wakazungumza kwa masaa. Hapo ndipo ulipoanzia umoja wa walevi walioacha pombe, na baadaye wakaziandika zile Hatua 12 za kuacha ulevi mnazozisoma nyinyi. Habari hii siisahau, kwa sababu yule bwana alimtafuta mwenziwe kabla hajaagiza glasi.

Basi mpigie sponsa wako, yule mwenzio aliyekutangulia kuacha na anayekushika mkono, kila usiku, hata ukiwa huna la kusema. Mwambie umepika nini.

Siku ya mshahara ndiyo naiogopa zaidi. Pesa imeingia kwenye simu, huna wa kupiga naye soga, na maskani ya unga unaijua ilipo. Ukiona sawa, nirushie kilicho kingi siku ile ile nikuwekee. Ni jasho lako, ukikitaka utakipata.

Na hili nalisema wazi ijapokuwa linaniuma. Mwili wako umeshasafika, hauwezi tena kuubeba unga uliokuwa ukiubwia zamani. Vijana wengi hufa hivyo: katoka soba, kateleza mara moja, katumia kiasi kile kile cha zamani, yuko chumbani na mlango kaufunga, pumzi zinakatika na hakuna wa kumwita. Kwa hiyo hata ukiteleza, Mungu apishe mbali, usijifiche. Nipigie, hata iwe saa nane usiku. Sitakugombeza, na baba yako nimeshazungumza naye.

Kazi ikikuelemea, iache urudi. Tutakwenda hospitali ya Kidongo Chekundu tuzungumze na madaktari. Yule mtoto wa jirani anakunywa methadoni pale, dawa inayotuliza hamu ya unga, kila siku mbele ya muuguzi, na siku hizi anafanya kazi na mkewe kamrudia. Wapo wanaosema huko si kuacha. Mimi siwaungi mkono, dawa ni dawa.

Nimempa mjomba wako wa Konde mchele, dagaa na ile redio ndogo, atakuletea. Ijumaa baada ya sala nitakupigia. Ikifika magharibi hujapokea wala hujanipigia, mjomba wako atachukua bodaboda aje mpaka hapo getini. Usimkasirikie, nimemtuma mimi.

Mama yako